Mravumba, Kamba ya Mgomba na Pumu Yangu

Wewe unayelala umeketi, mgongo ukutani, kwa sababu ukijinyoosha pumzi inakata, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi nililala hivyo zaidi ya miaka miwili na nusu. Sasa nalala kama watu, kwa upande wa kulia, na mume wangu Yoeli analalamika kwamba nakoroma. Mwache alalamike. Kuna wakati alikuwa akiniwekea mkono kifuani alfajiri kuhakikisha kama bado nipo.

Sitakueleza pumu ni nini, maana sijui. Nitakueleza nilivyoishi nayo, na jinsi ilivyokaribia kunitoa kwenye nyumba yangu na kumpaka matope mwanamke ambaye hakuwa na kosa, au tuseme alikuwa na kosa moja ambalo hata wewe ungelifanya.

Kwetu ni Nyakatuntu. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na kwa kuwa aliishi karibu na watu wa misheni aliiga mambo yao mengi, likiwemo la kujenga nyumba ya pembe nne yenye sakafu ya udongo ulioshindiliwa na kupakwa samadi ya ng'ombe. Niliolewa Kihanga, safari ya siku mbili kwa miguu, au ya siku moja ukibahatika kupata lori la kahawa. Huko nilikuta msonge, nyumba ya mviringo ya nyasi toka juu hadi chini, na ndani sakafu yote imetandikwa nyasi kavu, nene, laini, mtu anaketi popote bila kiti. Nyumba ya heshima huku kwetu ndiyo hiyo. Nyasi hukatwa rweya, kule kwenye mbuga nje ya vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba, hukaushwa, hufungwa mafungu na kuhifadhiwa juu ya dari penye moshi. Mgeni akija, mwenye nyumba hushusha fungu, analifungua na kulitandaza juu ya zile za zamani. Ndivyo mgeni anavyojua kwamba ameonwa.

Mama mkwe wangu, Ma Kagemulo, alisifika Kihanga nzima kwa kutandika. Siku ya harusi yangu alipofika kwetu Nyakatuntu aliitazama sakafu ya baba kwa muda mrefu, kisha akasema mbele ya watu, nusu kwa utani, "Mwinjilisti, hivi kweli unatukalisha kwenye udongo kama kuku?" Watu walicheka. Baba naye alicheka, lakini namjua baba yangu, lilimwingia.

Ugonjwa ulinianza msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, wa mwaka uleule. Asubuhi tulikuwa tunaokota senene kwenye majani yenye umande, na mimi nilikuwa hodari, napita wenzangu. Mchana tukakaa ndani kuwatoa mabawa na miguu, majirani wamejaa, vicheko tele. Nikaanza kukohoa. Kikohozi kikakataa kuisha. Jioni kifua kikaanza kutoa sauti nyembamba, kama filimbi, kila nikitoa pumzi. Mimi mwenyewe niliisikiliza kwa mshangao, nikadhani kuna mdudu kwenye kuta.

Baada ya hapo iliondoka na kurudi itakavyo. Nilikonda. Juu ya mifupa ya mabega pakachimbika vishimo viwili, na Yoeli alisema pale ungeweza kuweka maharage ya kupanda. Mabega yenyewe yalipanda juu yakakaa huko, hata gauni langu la kanisani likaanza kuninyanyuka kwa nyuma. Kumenya ndizi za chakula cha watu watano kulinichukua asubuhi nzima, kwa vituo. Mtungi wa maji sikuugusa tena. Mwanamke wa mwaka wa kwanza wa ndoa asiyeteka maji, wewe mwenyewe unajua anavyosemwa kisimani.

Ma Kagemulo aliteka yeye. Na alinitibu. Alinichemshia mubirizi, majani machungu ambayo ukiyanywa unasahau jina lako, na kabla ya hayo, kila kifua kilipobana, alinifukizia mravumba. Hicho ni kichaka cha majani ya kunata yenye harufu kali, anacho kila mtu nyuma ya nyumba. Alikiweka kwenye chungu cha maji yanayochemka, akafunika chungu kwa jani la mgomba, akatufunika blanketi mimi na chungu, kisha akatoboa jani. Mvuke ukinipiga usoni pua zilifunguka, kamasi ikatoka, na kwa saa moja au mbili nilipumua. Saa hizo nilizipenda kuliko chakula. Alikaa nje ya blanketi akinishika kisigino ili nijue yupo.

"Vuta, mwanangu. Usiogope joto. Vuta."

"Maawe, nitaungua."

"Hukuungua jana, utaungua leo?"

Nilimwita Maawe, mama yangu, kama Yoeli alivyomwita. Sikuwahi kujilazimisha.

Tatizo ni kwamba nilipona kila nilipomwacha. Kiangazi cha pili Yoeli alinipeleka kwetu nikapumzike, na ndani ya wiki filimbi ilinyamaza. Wiki ya tatu nilikuwa nalima na dada zangu. Nikarudi Kihanga nimenenepa, watu wakajaa kunipongeza, Ma Kagemulo akashusha mafungu mawili kwa furaha, na siku ya tatu nikawa naketi tena mgongo ukutani. Nikapelekwa tena kwetu, nikapona tena. Nikarudi, nikaugua.

Hapo midomo ikafunguka. Wageni waliokuja kuniona walinikamata mkono wakaniuliza kwa sauti ya chini ninakula nini, nani ananipikia, na kwa nini mkwe wangu ana majani mengi hivyo. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba kuna wakwe wasiopenda kugawana mtoto wa kiume. Sikuamini, lakini sikumfukuza pia, na hilo linaniuma mpaka leo. Yoeli naye, ambaye mama yake alimlea peke yake baada ya baba kufa, akaanza kuniuliza maswali. Siku moja nilikuwa na bakuli la uji mkononi.

"Huo uji kapika nani?"

"Maawe."

Akautazama ule uji. Akatoka. Nilipogeuka nilimwona Ma Kagemulo kwenye mlango wa nyuma, ameshika mwiko, amesikia.

Kuanzia siku hiyo kila dawa aliyonipa aliinywa kwanza yeye, mbele ya yeyote aliyekuwepo, bila kusema kwa nini. Mubirizi ule, mchungu vile, aliunywa kikombe kizima asubuhi na jioni pamoja nami. Nilikuwa nikimtazama uso unavyokunjamana, natamani ardhi inimeze.

Mwaka wa tatu, masika yalipoanza, baba akatuma barua. Aliandika kwamba amenipa Kihanga nikiwa mzima, kwamba hamshutumu mtu, na kwamba kahawa ikishaanikwa na kukauka atakuja na kaka yangu kunichukua, na safari hii sitarudi. Yoeli aliisoma kwa sauti. Ma Kagemulo alikuwa anachambua maharage. Alipoyamaliza alisema, "Tuna miezi mitatu," akainuka akaenda kumwomba jirani baiskeli.

Ndivyo nilivyofikishwa kwenye zahanati ya misheni, nimekaa nyuma ya baiskeli, Yoeli anaisukuma, mama yake anatufuata kwa miguu na kifurushi kwapani. Tulingoja kutoka asubuhi hadi jua la saa nane kwenye benchi la nje. Nilijifunza mengi kwenye benchi lile. Nilijifunza kwamba wenye vifua hutambuana kwa namna wanavyoketi, mikono magotini, wameinama mbele. Bibi mmoja aliyekuwa amewahi pembe ya ukuta alinitazama kidogo, akasogea, akanipa ile pembe niegemee. Hakuniuliza jina wala natoka wapi. Mpaka leo nikipata pembe nzuri ya kuegemea namkumbuka.

Aliyetuhudumia alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, Bwana Zakaria, mtu wa Muleba, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinisikiliza mgongo kwa mpira wake wa masikioni, akauliza nimetumia nini. Mimi na Yoeli tukatazamana, maana tulijua watu wa misheni huita majani yetu upagani. Ma Kagemulo akafungua kifurushi chake akakiweka mezani.

"Hiki ndicho, Bwana dresa. Nimenyamaza barabara nzima. Kama ni kibaya, useme."

Bwana Zakaria alichukua jani la mravumba, akalisugua kwenye vidole, akalinusa, akatabasamu. "Mama yangu alinifukizia haya haya," alisema. "Sijui kama ni mabaya na sijui kama ni mazuri. Najua kwamba watu wengi wanasema yanafungua kifua. Tuyapime."

"Kwa mizani?"

"Kwa kamba, Mama."

Akamweleza. Achukue kamba ya mgomba, aiweke karibu na kitanda. Kila siku mbaya afunge fundo, kubwa kwa siku mbaya sana, dogo kwa siku ya afadhali. Siku njema aache nafasi ya upana wa kidole. Wiki moja anifukizie mravumba, wiki inayofuata aache, na penye wiki ya mravumba apenyeze kijiti kama alama. Mubirizi tuuache kabisa kwa sasa, usije ukachanganya hesabu. Mimi alinipa vidonge vidogo vyeupe vya siku za hatari tu, na akanionya kwamba nikiona midomo inabadilika rangi au nashindwa kumaliza sentensi, nisingoje chungu kichemke, niletwe mbio. Ma Kagemulo alisikiliza yote kwa makini kuliko mimi. Alipoambiwa mubirizi basi, nilimwona akishusha pumzi ya mtu aliyesamehewa adhabu.

Kamba ile aliitunza kuliko rozari za majirani zetu Wakatoliki. Kila jioni aliniuliza, "Leo kubwa au dogo?" nami nikajibu, na wakati mwingine tukabishana, maana mimi nilitaka kujisifu kwamba ni dogo. Mvua zilinyesha zikaisha. Kahawa ikawa nyekundu, ikaanza kuanikwa. Tukarudi zahanati na kamba imezungushwa kama kata ya kichwani.

Bwana Zakaria aliinyoosha juu ya meza. Alianza na vijiti. Alihesabu kimya, akarudia. Kisha akasema kwamba wiki za mravumba mafundo madogo ni mengi kuliko makubwa, na wiki zisizo na mravumba ni kinyume. "Kwa hiyo mvuke wako unamsaidia, Mama, inavyoonekana. Unampunguzia. Lakini kamba moja ya mtu mmoja haitoshi mimi kuapa, na tena haumponyi, maana mafundo hayaishi. Kuna kitu kinayaleta." Aliinama karibu zaidi. "Hapa kuna siku sita bila fundo hata moja, na mravumba haukuwepo. Kulikuwa na nini?"

Ma Kagemulo hajui kusoma, lakini kamba ile aliisoma yote. "Hizo ni siku mvua ilivunja daraja. Hakuna mtu aliyekuja."

"Na hili kubwa?"

"Alikuja shemeji yangu wa Nyakasimbi na watu wanne."

"Na haya matatu makubwa yamefuatana?"

"Kina mama wa kanisani. Walikuja kumwombea, wakalala."

"Na hili?"

"Huyo ni mjumbe wa baba yake."

Dresa alivua miwani. "Mama, wageni wakija kwako, unafanya nini?"

"Nafanya kama kila mtu. Nawapa kahawa ya kutafuna. Napika."

"Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo natandika."

Alilisema kwa fahari, kisha akalisikia. Nilimwona analisikia. Bwana Zakaria, niliyekuwa nimemweleza jinsi ninavyopona kwetu, alimuuliza polepole kama kwa mwinjilisti Nyakatuntu kunatandikwa, yeye aliyekuwa amewacheka kuhusu udongo na kuku. Ma Kagemulo akatazama viganja vyake. Nilitaka kumshika, lakini nilikuwa nalia, na ukiwa na pumu huwezi kulia na kufanya jambo la pili.

Kadiri nilivyougua ndivyo watu walivyokuja kuniona, na kadiri walivyokuja ndivyo alivyotandika, vumbi la nyasi likaruka, nami nikaugua zaidi. Yote hayo kwa heshima yangu.

Tukarudi Kihanga. Asubuhi yake niliamka nikamkuta Ma Kagemulo amejifunga kitenge kiunoni, anatoa nyasi. Alinifukuza nje, nikakaa chini ya migomba na Yoeli, tukimtazama akibeba mzigo baada ya mzigo, za juu bado za njano, za chini nyeusi, zimeoza, vumbi linamfunika kichwa. Yoeli alitaka kumsaidia, akamkatalia. Majirani walisimama kando ya kibanja wakauliza kulikoni, na mmoja akapiga ukelele akidhani nyumba inayovuliwa nyasi hivyo ina msiba. Alitoa na mafungu ya darini. Kisha akashindilia udongo, akapaka samadi kwa mkono, siku tatu, mpaka sakafu ikawa ngumu na safi. Mimi nililala kwenye kibanda cha jikoni siku hizo. Mafundo yaliyofuata sikuyaona, kwa sababu hayakufungwa.

Baba alikuja siku kumi na mbili baadaye, kama alivyoahidi, na kaka yangu na baiskeli ya kubebea vitu vyangu. Aliinama kupita mlango mfupi wa msonge, mguu ukakanyaga mahali ulipozoea kuzama, haukuzama. Akasimama nusu ndani nusu nje, akavua kofia.

"Ma Kagemulo, mmefiwa?"

"Hatujafiwa, Mwinjilisti. Tumepona. Karibu ukae kwenye udongo kama kuku."

Alimtandikia jani bichi la mgomba, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu chake kidogo, na kabla baba hajatia punje mdomoni akapiga magoti mbele yake. Sikutarajia. Yoeli alitaka kumwinua, akamsukuma mkono.

"Watu wanasema mimi ndiye ninayemkaba binti yako. Ni kweli. Nimemkaba miaka miwili na nusu, kwa mikono hii, kwa kuwatandikia watu nyasi. Sikujua. Ukitaka kumchukua, baiskeli hiyo hapo. Ila nakuomba ukae kwanza siku saba umsikilize."

Baba alinitazama. Nilivuta pumzi ndefu, nikaitoa mbele yake, polepole, isiyo na sauti. Alikaa siku saba. Alfajiri alikuja kusimama nje ya ukuta wa chumba chetu, akijifanya anatazama migomba, akisikiliza. Siku ya nane alimwambia kaka yangu afunge safari. Kwenye baiskeli hawakupakia vitu vyangu, walipakia mkungu wa ndizi na miche mitatu ya mravumba ambayo Ma Kagemulo aliing'oa na mizizi, kwa sababu baba naye ana kikohozi chake cha uzee. Yoeli aliwasindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alimwendea mama yake jikoni, na waliyozungumza sikuyasikia, ila alitoka na bakuli la uji aliopika mama yake, akaunywa wote amesimama.

Sasa kwako wewe. Majani ya kwenu usiyatupe na usiyaabudu. Mvuke wa mravumba ninautumia hadi leo mafua yakinikamata, na vidonge vya Bwana Zakaria vipo kwenye kopo, mwaka huu mzima nimevitumia mara mbili. Yeye alichukua majani yetu kwenye bahasha ayapeleke kwa daktari mkubwa, ili wenye kupima mimea wayapime. Jibu sijalisikia. Wakati ukingoja na wewe, tafuta kamba. Andika, au funga mafundo, na uandike pia nani alikuja na nini kilifanyika, hata kile unachokifanya kwa upendo. Chako huenda kisiwe nyasi. Na kama kuna mtu ambaye wanakunong'oneza kwamba ndiye anayekuua, mtazame vizuri kabla ya kukubali, pengine ndiye anayekushika kisigino.

Mwezi uliopita jirani mgeni, hajazoea nyumba yetu, alikuja kumtazama Ma Kagemulo aliyekuwa na homa. Aliona sakafu tupu, akamwonea huruma kizee wa watu, na kesho yake akarudi na fungu kubwa la nyasi mbichi kichwani, zawadi. Ma Kagemulo alimshukuru kwa mikono miwili. Kisha akaniita.

"Zipeleke zikatandikwe shambani chini ya kahawa. Kahawa haina kifua."

Nilicheka mpaka nikapaliwa, nikakohoa. Yeye akainua kidole, na sote wawili tukanyamaza, kama tulivyozoea, kusikiliza kama filimbi itafuata. Haikufuata, nikabeba nyasi zangu nikaenda.